Fundo la Mitumbwi Mitatu

Barua ilikuwa na mistari minne, na kosa lake lilikuwa neno moja la herufi tatu. Aliyeiandika ni kijana wa Kamembe, karani wa wakala wa forodha kwenye mpaka wa Rusizi, kati ya Rwanda na Kongo. Lori lililotoka Dar es Salaam na mzigo wa Bukavu lilikuwa limezuiwa kwa kuwa karatasi zake hazikutimia, naye akatumwa amwarifu mwenye lori. Akaandika kwa Kiingereza, maana barua ya ofisi huandikwa kwa Kiingereza hata kama anayeandika na anayeandikiwa wote wawili huelewana kwa Kiswahili. Akaandika hivi: "Please help the driver of the truck who has no papers."

Mwenye lori akasoma alichoandikiwa: dereva hana karatasi. Akamlaani dereva, akatafuta mwingine mwenye pasi safi, akampandisha basi. Siku ya tatu dereva wa pili akashuka Kamembe na pasi, leseni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Akamkuta mwenzake amekaa kivulini chini ya lori, pasi mfukoni, anakula chapati. Hakuna aliyewahi kumdai dereva karatasi yoyote. Zilizodaiwa zilikuwa za lori. Neno lililotakiwa ni "which", na badala yake liliandikwa "who".

Kijana alitusimulia kisa hicho darasani jioni moja, akicheka kicheko cha aibu. Wenzake wakacheka cha kweli. Mimi niligeukia ubao nikaandika sentensi yake yote kwa chaki, kisha chini yake nikaandika mbili za Kiswahili: dereva wa lori asiye na karatasi, dereva wa lori lisilo na karatasi. Nikawauliza, katika hizi mbili, kuna anayeweza kukosea nani anatafutwa? Hakuna. Ile "ye" inamshika mtu, ile "lo" inalishika lori, hata mtoto anayejifunza kusema hawezi kuzibadilisha. Nikawaambia, Kiingereza nacho kina "ye" yake na "lo" yake. Tofauti ni kwamba zimejificha mahali pengine, na kazi yetu mwezi huu ni kuzitafuta.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Nilifika Rusizi mwanzoni mwa 2009, nikakuta mji ambao watu wengi bado wanauita Cyangugu, kwa jina la mkoa uliofutwa na mageuzi ya 2006. Miezi michache nyuma, Oktoba 2008, baraza la mawaziri la Rwanda lilikuwa limeamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Nchi ilikwisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kabla ya 2009 kumalizika ingeingia Jumuiya ya Madola. Shule zilipofunguliwa Januari, walimu waliosoma kwa Kifaransa, wakafundisha kwa Kifaransa, wakachapa viboko kwa Kifaransa, waliambiwa hesabu na sayansi sasa ni Kiingereza. Wengi walihitaji mtu wa kuwafundisha usiku watakachofundisha asubuhi. Ndiyo kazi niliyoipata, katika chumba cha kupanga juu ya duka la vitenge.

Darasa langu lilikuwa kama soko la mpakani. Alikuwamo karani wa forodha. Alikuwamo muuguzi wa kituo cha afya. Alikuwamo mwalimu mzee wa shule ya msingi, mvi kichwani, miwani imefungwa kwa uzi, ambaye kila siku aliniita "mwalimu mwenzangu" ingawa alikuwa amefundisha miaka mingi kuliko niliyoishi. Na alikuwamo mama mmoja muuza samaki wadogo waitwao sambaza, mzaliwa wa Bukavu aliyeolewa upande huu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kule ng'ambo ya daraja, na ambaye alikuja darasani na ndoo yake kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia.

Siku ile ya barua, mwalimu mzee aliomba chaki. Akaandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa shule za zamani: "le chauffeur du camion qui n'a pas de papiers". Akageuka akatuuliza, nani hana karatasi? Tukakaa kimya. Akasema, hata Mfaransa hajui. Ile "qui" inamshika yeyote aliye mtendaji, awe mtu, awe lori. Kisha akaandika kwa Kinyarwanda: "umushoferi w'ikamyo udafite ibyangombwa". Akafuta herufi moja tu, "u" ya "udafite", akaweka "i". "Idafite." Dereva akaachiliwa, lori likashikwa. Akarudi kwenye dawati lake polepole kama mtu aliyemaliza kuchezesha karata.

Nilijifunza zaidi kwa chaki ile kuliko kwa vitabu vyangu. Niliona kwamba kijana hakukosea kwa ujinga. Kinyarwanda chake cha nyumbani kinatofautisha, Kiswahili chake cha kazini kinatofautisha, lakini alipofika kwenye Kiingereza alipita njia ya Kifaransa cha shuleni, ambacho katika nafasi ile kina mlango mmoja tu. Akaona "who", akadhani ni "qui". Mtu mwenye lugha nne kichwani hupotea kama mgeni mjini: barabara zipo, ila amepita ile aliyoizoea.

Basi ningependa kuisifu kazi hii ndogo, kazi ya kuunga sentensi kwa kirejeshi. Haina wanaoisifu wengi. Watu husifu msamiati mpana, husifu matamshi, husifu mtu "anayetema" Kiingereza. Sijasikia mtu akisifiwa harusini kwamba anajua kuweka "whose" mahali pake. Lakini ukichunguza barua inayoeleweka, hukumu inayosimama, maelezo ya daktari yasiyoua mgonjwa, utakuta pale palipounganishwa pameunganishwa sawasawa.

Mfano wangu naupata ziwani. Jua likizama, wavuvi wa sambaza huingia Ziwa Kivu kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Kati ya mtumbwi na mtumbwi hulazwa miti mirefu, na miti hiyo hufungwa kwa kamba kwenye kila chombo. Mbele na nyuma miti huchomoza juu ya maji kama pembe za mdudu. Wavu hushuka katikati, taa huwashwa, na samaki huifuata nuru. Wavuvi hupiga kasia kwa wimbo, na ukisimama Kamembe juu utawasikia kabla hujawaona. Kila mtumbwi peke yake ni chombo kamili. Unaelea, unakwenda. Lakini mtumbwi mmoja hauwezi kuubeba wavu ule. Inatakiwa mitatu iwe kitu kimoja, na inayoifanya iwe kitu kimoja ni fundo. Fundo likilegea, mitumbwi haizami. Inaachana tu, na wavu unapoteza umbo lake majini, na usiku mzima unakwenda bure.

Sentensi fupi ni mtumbwi mmoja. Dereva amefika. Dereva anatoka Dar. Lori lake halina karatasi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuziandika zote tatu bila kosa. Kuzifunga ziwe "The driver who comes from Dar, whose truck has no papers, has arrived" ni kazi nyingine, na ni kazi ya mafundo. Kila fundo lazima lijue limefungwa kwenye mti upi.

Kwa Mswahili, fundo lililo gumu kulifungua ni lile la kufunga mara mbili. Mama wa sambaza ndiye aliyenifunza kuliona. Jioni moja alifika ndoo ikiwa tupu, akajaribu Kiingereza chake kwa furaha ya biashara nzuri: "The fish which I bought them are finished!" Nikamsahihisha haraka kama walivyonisahihisha mimi utotoni: futa "them". Akauliza kwa nini. Nikasema haitakiwi. Akaniangalia kama mteja aliyepunjwa. "Mwalimu, sasa hao samaki wameenda wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kwa Kiswahili tunasema samaki niliowanunua wamekwisha. Ukilipasua neno hilo moja utakuta "o" inayorejea samaki, na bado utakuta "wa" inayorejea samaki wale wale, iliyokaa karibu na kitenzi kama yambwa. Kitabu nilichokinunua: "cho" ni kitabu, "ki" ni kitabu. Lugha yetu hufunga mara mbili, na kwetu hilo ni uangalifu. Kiingereza hufunga mara moja kikaondoka. Ile "which" imekwisha kuwabeba samaki hadi mbele ya sentensi; ukiacha na "them" nyuma, kwa masikio ya Mwingereza umewauza mara mbili.

Nilipomweleza hivyo, la kuuzwa mara mbili alilielewa mara moja. Hapo mwalimu mzee akaingilia: "Na kwa nini hata hiyo 'which' mnaibeba? Kwa Kinyarwanda tunasema 'isambaza naguze', basi, imekwisha." Kweli. Katika Kinyarwanda, hapo hakuna neno la kuunga linaloonekana. Sauti ndiyo inayopanda kwenye kitenzi, na msikilizaji anajua sentensi imeungwa. Nikamwambia Kiingereza nacho kinaruhusu hivyo hivyo: "The fish I bought are finished." Akavua miwani. "Kumbe Waingereza wamejifunza kwetu," akasema, na darasa zima likacheka, naye akacheka wa mwisho.

Samaki wenyewe wana kisa kinachofanana na chetu. Sambaza hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, ziwa la kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu lilikuwa na samaki wachache na sambaza wasingeweza kupanda wenyewe. Mto Rusizi unatoka Kivu na kuteremka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, kwa mwendo usiozidi kilomita 120. Samaki mdogo hashindani na maporomoko kama hayo. Ikabidi wabebwe. Leo mtu wa Cyangugu atakuambia sambaza ni chakula cha kwao, na hasemi uongo. Kilicholetwa kikizaa, kinakuwa cha nyumbani. Kiingereza cha Kamembe nacho kilibebwa, na mimi nilikuwa mmoja wa wabebaji. Kikizaa, atakayekula hatauliza kilitoka wapi.

Siku za mwanzo nilikuwa na kiburi kuhusu Kiswahili cha mama yule. Alipotaka kusema mtu aliyekuja jana, alisema "mutu mwenye alikuya jana". Alipotaka kusema kitu nilichonunua, alisema "kitu yenye nilinunua". Sikio langu la Ujiji lilikunjamana. Nilitaka kumpeleka kwenye o-rejeshi, nimpe "aliyekuja", nimpe "nilichonunua", nimfundishe kwamba wakati uliopita, uliopo na ujao hupokea kirejeshi ndani ya kitenzi, kwamba "me" haikipokei, ndiyo maana hatuna neno la namna hiyo kwa mtu amekuja, sharti tumwite "ambaye" atusaidie: mtu ambaye amekuja. Nilipofika hapo nikajisikia nikizungumza. Yaani hata kwenye Kiswahili changu sanifu kuna mlango uliofungwa, na tunazunguka nyuma kupitia "ambaye". Yeye soko lilikuwa limemtengenezea mlango mmoja ulio wazi saa zote. "Mwenye" na "yenye" zilikuwa fundo lake, na lilishika. Nimewasikia vijana wa Nairobi nao wakifunga kwa fundo hilo hilo, bila kufundishwa na Bukavu.

Tena "amba" yenyewe ilitoka kwingine. Ni kitenzi cha zamani, kuamba, yaani kusema, kile kile kilichobaki katika "kwamba". Nikisema mtu ambaye amekuja, chini kabisa ya maneno yangu kuna mtu anayesema. Kiingereza nacho kilichukua maneno yake kutoka kwingine: "who" na "which" yalikuwa maneno ya kuulizia, na baadaye sana ndipo yakapewa kazi ya kuunga. Afisa wa mpakani akikuuliza "Who?", jibu lako linaweza kuwa na neno lile lile, "the man who". Napenda kulifikiri jambo hilo ninapopita darajani. Swali limegeuka kuwa fundo. Neno lililokuwa likitafuta mtu ndilo linalomshika.

Wala tusidhani mafundo ya Kiingereza yalifungwa siku moja na kukazwa milele. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, sala ya Bwana inamwita Mungu kwa "which", neno ambalo leo nakataza darasani lisitumike hata kwa dereva wa lori. Wakati ule halikuwa kosa. Mwaka 1926 Henry Fowler alichapisha kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, akapendekeza "that" ibakie kwa maelezo yanayobainisha na "which" kwa maelezo ya nyongeza, kisha kwa uungwana akakiri kwamba waandishi wengi, hata walio bora, hawafuati hivyo. Mpaka leo wahariri wa Marekani hulishika pendekezo lake kwa nguvu kuliko Waingereza wenzake. Mimi huwaambia wanafunzi: "that" ni kama kamba ya katani, inafunga mtu na inafunga mzigo. Ina manufaa. Lakini kwa sababu inafunga kila kitu, haikuambii imefunga nini. Karani wetu angeandika "that", mwenye lori angebaki akikisia.

"Whom" nayo ina kichekesho chake. Kila kijana wa Rusizi aliyewahi kuomba kazi anaijua, kwa kuwa barua za kuthibitisha huanza kwa "To whom it may concern". Wanaiandika kwa moyo, kama dua, bila kujua imekaa pale kwa sababu ya "to" iliyo mbele yake. Niliwaonyesha tu kwamba ni ile ile "who" iliyovaa suti, tena huivaa ikifuatana na maneno kama "to", "with" na "for". Barabarani Mwingereza mwenyewe huivua.

Muuguzi ndiye aliyekuja na fundo zuri kuliko yote. Alikuwa akijaza taarifa ya kumpeleka mgonjwa hospitali, akaandika: "The woman who her child is vomiting came on foot." Kila neno lilikuwa limetoka kwenye Kiswahili sahihi, mwanamke ambaye mtoto wake anatapika. Kiswahili hakina neno moja la kazi hiyo; huweka "ambaye" huku na "wake" kule, na msikilizaji huunganisha. Nikaandika "who" na "her" ubaoni zikiwa mbali, nikazisogeza, nikazisogeza tena, mpaka zikagusana, kisha nikazifuta zote mbili na mahali pake nikaandika "whose". The woman whose child is vomiting. Muuguzi akaisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Mwanamke na mtoto, na neno moja katikati linalowafanya wasiachane. Akasema polepole, "Ni kama mbeleko." Sijawahi kupata maelezo bora ya "whose" katika kitabu chochote cha sarufi.

Lakini deni halilipwi upande mmoja. Yapo mambo ambayo Kiingereza hufunga kwa kamba moja na sisi tunazo tatu. Nyumba anamoishi, mji anakoishi, mahali anapoishi: ndani, upande wa kule, pale hasa. Kiingereza kina "where" tu, na aliyezoea "mo" na "ko" na "po" huhisi amevaa viatu vya mtu mwingine. Tena methali zetu. Aliye juu mngoje chini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Hizo zote zimesimama juu ya kirejeshi, na nyingi hazina hata nomino mbele. "Aliye" peke yake ni mtu mzima, na yuko juu. Mswahili aliyekua kwa methali hizo amekuwa fundi wa virejeshi tangu mgongoni kwa mama yake. Akifika kwenye Kiingereza, ufundi anao. Anahitaji kuonyeshwa vifaa vya karakana nyingine.

Nimebakisha fundo lisilo neno, nalo ndilo linaloniogopesha. Ni koma.

Bugarama, kusini mwa wilaya, kunatengenezwa saruji tangu miaka ya 1980, na kila mtu hapa ameona mifuko yake ikibebwa. Kwa hiyo niliwaandikia hivi. "The bags which got wet were thrown away." Kisha chini yake: "The bags, which got wet, were thrown away." Nikauliza, katika ghala hili mifuko mingapi imebaki? Karani, ambaye tangu kisa cha barua alikuwa mwangalifu kuliko wote, ndiye aliyejibu. Katika ya kwanza, iliyolowa ndiyo iliyotupwa. Iliyo mikavu ipo. Katika ya pili, yote ililowa, yote ikatupwa. Bila koma, maelezo yanachagua. Yakiwa katikati ya koma mbili, hayachagui tena. Yanamwagika juu ya kila mfuko uliomo.

Kwa Kiswahili, "mifuko iliyolowa ilitupwa" inaweza kubeba maana zote mbili, na tunamwachia msikilizaji, sauti na mazingira. Kwa mifuko ya saruji hasara ni ya tajiri. Lakini nikawaandikia na nyingine. "Traders who cheat must be sent away." "Traders, who cheat, must be sent away." Mama wa sambaza akaomba asomewe kwa Kiswahili. Nikamwambia: ya kwanza inasema wafanyabiashara wale wanaodanganya wafukuzwe. Ya pili inasema wafanyabiashara ni wadanganyifu, wafukuzwe wote. Hakuangalia ubao tena. Alikuwa akiiangalia ndoo yake.

Darasa lilinyamaza, na nilijua kwa nini, nikaona aibu kwamba sikufikiri kabla ya kuandika. Katika nchi hii, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalitanguliwa na miaka ya maneno yasiyochagua, maneno yaliyowamwagikia watu wote wa jina moja. Na baada yake zilikuja gacaca, mahakama za vilimani ambazo wakati huo zilikuwa bado zinaendelea, mpaka zilipofungwa rasmi Juni 2012. Kazi yake ilikuwa ngumu na haikukosa lawama, lakini swali lake lilikuwa la kirejeshi: yupi aliyefanya, yupi aliyefanyiwa, wapi walikozikwa. Mmoja mmoja, kwa jina. Mwalimu mzee ndiye aliyevunja kimya. Alisema bila kusimama, "Mwalimu mwenzangu, hiyo koma uifundishe vizuri." Hakusema zaidi. Tangu siku ile sijaiita koma alama ndogo.

Ndiyo maana naiita kazi hii ufundi, na nausifu. Fundi seremala hupima kabla ya kukata. Mwenye kuunga sentensi hupima nani anatajwa kabla ya kumtaja. Ni adabu kuliko kanuni. Anayeandika "who" pale panapostahili "who" amekataa kumfanya mtu kuwa lori. Anayeacha koma pale pasipostahili koma amekataa kumhukumu asiyekuwapo. Hakuna atakayemshukuru, kwa sababu fundo likishika hakuna anayeliona. Watu huona samaki.

Miaka imepita. Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo lugha ya ndoo ya sambaza nayo ikapata kiti ofisini. Mitaala imebadilika na kubadilika tena. Duka la vitenge sasa linauza simu. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni zoezi la mwisho la darasa lile la kwanza. Niliwaambia kila mmoja aandike sentensi moja ya Kiingereza yenye kirejeshi, sentensi yake mwenyewe, si ya ubaoni. Kabla ya kuanza, mama alikuwa ametupa sambaza wa kukaanga katika karatasi, kila mtu konzi moja, na tulikuwa tukitafuna tukiandika.

Nikapita kukusanya. Daftari lake lilikuwa na alama ya mafuta pembeni, na herufi zake zilisimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Ilikuwa imeandikwa: "The woman whose fish you are eating is learning English."

Nilitafuta kosa kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea. Sikupata "who her". Sikupata "them".

"Mwalimu," akasema, "hapa niweke koma?"

"Usiweke, mama," nikamwambia. "Hivi bila koma, ni wewe, si mwingine."